Fomu iliniuliza sababu, nikamkumbuka baba mdogo

Tangu niwaambie watu kwamba nimepata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, swali ninaloulizwa ni moja: umewezaje? Wanaoniuliza wana haki. Wanajua nilishaomba vyuo viwili vingine nikakosa, na wanajua kwamba GPA yangu ya shahada ya kwanza ni 3.4. Kwa asiyezijua hesabu hizi, kwenye vyuo vyetu daraja la pili la juu linaanzia 3.5. Ile 0.1 iliyobaki imenifungia milango mingi ya ufadhili kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Nimekuwa nikijibu kwa mkato, "Ni Mungu tu." Leo nataka kujibu vizuri, kwa sababu ndani ya ombi lile kulikuwa na jambo la nyumbani kwetu, na ukurasa huu ni wa mambo ya nyumbani. Wote wanaohusika nimewaomba ruhusa. Mmoja alinikubalia kwa sharti, nami nimelitii.

Kozi yenyewe ni ya baiolojia ya molekuli katika mtazamo wa Afya Moja, yaani mtazamo unaosema afya ya mtu, ya mnyama na ya mazingira ni kitu kimoja, na daktari wa binadamu asiyeongea na daktari wa mifugo atachelewa kuona hatari. SUA wana kituo cha SACIDS kilichoanza mwaka 2008 kwa kazi hiyo ya magonjwa ya kuambukiza, na mwaka 2016 kiliingia kwenye vituo 24 vya umahiri vilivyofadhiliwa na Benki ya Dunia mashariki na kusini mwa Afrika. Ndiyo maana wanaoomba hawatoki Tanzania peke yake. Unashindana na madaktari wa mifugo, wataalamu wa maabara wenye miaka kumi kazini, na watu kutoka nchi jirani wenye vyeti vinavyong'aa. Mimi nilikuwa na shahada ya bayoteknolojia na sayansi za maabara, na miaka minne ya kuandika habari za afya gazetini. Maabara nilikuwa naiona ninapokwenda kuwahoji walio ndani yake.

Maombi yangu mawili ya mwanzo niliyaandika kama wengi wanavyoandika. "Tangu utotoni nimekuwa na shauku kubwa ya sayansi." Si kweli hata kidogo. Utotoni nilikuwa na shauku ya kumaliza kukata mikia ya vitunguu mapema nikacheze rede. Mhadhiri wangu wa zamani niliyemwomba aipitie ile barua aliniambia kwamba ingeweza kuwa imeandikwa na mtu yeyote kati ya Kilosa na Kigoma. Nilichukia. Baada ya wiki moja nikaisoma tena nikaona ana haki.

Safari hii fomu iliuliza tena: kwa nini unataka kusoma kozi hii? Nikakaa mbele ya kompyuta ya ofisini hadi saa mbili usiku, na mtu aliyenijia kichwani alikuwa baba mdogo.

Sisi ni watu wa Lumuma, wilayani Kilosa, kule juu tunakopakana na Mpwapwa. Anayekula kitunguu huenda ameshakula cha kwetu bila kujua. Mto unashuka, mifereji inagawa maji kwenye majaruba, na mwaka wa mkulima unaamuliwa na bei ya dalali na ukubwa wa lumbesa. Baba mdogo naye alilima, lakini kazi iliyomtambulisha ilikuwa kuchinja. Mtu akiwa na ng'ombe wa harusi au wa msiba anaitwa yeye. Jumamosi alichinja wa kuuza.

Mwisho wa mwaka 2006 mvua zilinyesha kupita kiasi. Mwanzoni mwa 2007, nikiwa darasa la tatu, mbuzi na ng'ombe wa wafugaji walianza kutupa mimba, na ndama wakafa. Nyama ikashuka bei. Sisi watoto tulifurahi, maana tulikula nyama katikati ya wiki. Baba mdogo alichinja mara nyingi mwezi ule kuliko kawaida yake, kwa sababu mfugaji akiona mnyama anayumba, anamuuza kabla hajaanguka.

Kisha akaugua. Homa, kichwa, mgongo, macho mekundu. Zahanati wakampa dawa ya malaria, na kwa mwaka ule, kwa kijiji kile, sidhani kama mhudumu angeweza kufanya zaidi. Siku ya tano fizi zikaanza kutoa damu, halafu akatapika damu. Akafa kabla gari la kumpeleka Kilosa halijapatikana.

Leo mwandishi yeyote wa afya akisikia dalili zile, katika mwezi ule, baada ya mvua zile, anajua la kufikiria. Homa ya Bonde la Ufa iligunduliwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1930, na inakuja na mbu baada ya mvua kubwa, inaanza kwa mifugo, inampata mtu kupitia mbu au kupitia damu na viungo vya mnyama mgonjwa. Wengi wanaopata huugua kama mafua wakapona. Wachache hutokwa damu, na wengi katika hao hawaponi. Mlipuko wa 2007 ulianzia Kenya na Somalia ukashuka kwetu, na Dodoma na Morogoro ni kati ya mikoa iliyoumia zaidi. Hadi mwanzoni mwa Mei mwaka ule Shirika la Afya Duniani lilikuwa limehesabu wagonjwa 264 nchini na vifo 109. Baba mdogo hayumo katika hao 109. Hakuna aliyechukua damu yake.

Kijiji hakikuzungumza habari za mbu. Kilisema mtu mzima mwenye nguvu hatapiki damu hivihivi, amelishwa kitu. Na anayempa mtu chakula kila siku ni nani? Mke wake. Bibi yangu alilisema hilo waziwazi kabla ya arobaini. Kikao cha ukoo kikaitwa. Mama mdogo akaondoka na mtoto wake mdogo, na mkubwa akabaki kwetu. Mimi na huyo ndugu yangu tumelala kitanda kimoja mpaka namaliza la saba, na sikumbuki hata siku moja tulipozungumza kwa nini mama yake haishi naye.

Aliyeongoza kikao kile ni baba yangu.

Sasa nirudi kwenye fomu. Niliandika sentensi hii: "Mwaka 2007 baba yangu mdogo alifariki kwa homa ya Bonde la Ufa." Nikaitazama. Ilikuwa sentensi nzuri. Mtu anayesoma maombi mia moja angeinua kichwa. Na nilijua kwamba sina ushahidi nayo. Nimefanya kazi ya kuhariri habari za wenzangu, nikiwakatia sentensi kama hiyo mara ngapi? "Nani alipima? Majibu yako wapi?" Nikaifuta. Nikairudisha. Nikaenda kulala.

Kuna jambo la pili lililonisumbua. Hata kama ingekuwa kweli kabisa, je, kifo kile ni changu nikitumie kutafutia nafasi? Ijumaa nikapanda basi kwenda Kilosa, kesho yake nikapanda gari la juu, na kipande cha mwisho bodaboda, kwa sababu barabara ilikuwa imekatika.

Nilianza na mama. Alikuwa jikoni. Nilipomaliza kumweleza aliendelea kupepeta mchele kwa muda, kisha akasema, "Mwanangu, watu wanaombea nafasi kwa vyeti. Wewe unataka kuombea kwa kaburi?" Nikamwambia si hivyo. Akasema, "Ukiandika kile, umeandika na kikao. Ukiandika kikao, umemwandika baba yako." Mama hakuwa anamtetea marehemu. Alikuwa anamlinda mume wake, na sikumlaumu.

Mama mdogo anaishi upande wa pili wa mto, analima jaruba la kukodi. Alirudi Lumuma bibi alipofariki. Nilimkuta anachambua vitunguu, nikavuta ndoo nikakaa, nikaanza kuchambua naye, maana kwetu huwezi kumkuta mtu kazini ukakaa ukaongea mikono mitupu. Nikamweleza ugonjwa ule ni nini na unavyoambukiza. Alisikiliza bila kunikatiza. Kisha akauliza, "Kwa hiyo ni ng'ombe?"

"Inawezekana, mama mdogo."

"Usiniambie inawezekana. Umesoma. Ni ng'ombe au si ng'ombe?"

Nikashindwa kujibu. Akaniambia kwamba siku zile yeye mwenyewe alishikwa na homa siku tatu, akadhani ni uchovu wa kuuguza. Yeye ndiye aliyekuwa anaosha utumbo na kukatakata. Akasema, "Andika. Andika ni ugonjwa wa ng'ombe, na uwape waje wasome hapa, kwenye mkutano wa kijiji." Mimi nilikuwa nimekuja kuomba ruhusa, naye akanipa zaidi ya ruhusa. Alinipa kazi ambayo sikuwa na uwezo nayo. Mwanamke aliyesubiri miaka 18 neno moja lenye muhuri, na mtu pekee wa ukoo aliyesomea mambo hayo anamwambia "inawezekana".

Baba nilimkuta jioni. Nilimweleza kwa heshima, nikianzia mbali, kama mtoto anavyomweleza mzazi jambo zito. Hakunijibu. Alisema amechoka, akaingia ndani. Nikarudi kazini Jumapili bila neno lake. Siku ya nne ukaingia ujumbe kwenye simu: "Andika. Bibi yako usimtaje jina." Baba hana kawaida ya kuandika ujumbe. Huwa anapiga.

Nikaandika upya. Nilieleza mvua, mifugo, dalili, na dawa ya malaria. Nikaandika kwamba hakupimwa, kwa hiyo sijui alikufa kwa nini, na hakuna anayejua. Nikaandika kwamba kwa kukosa jibu la maabara, familia ilijitafutia jibu lake, na kuna mtu alilipia. Habari za kikao sikuziweka zaidi ya hapo. Aya iliyobaki nilieleza kwa nini nataka kujifunza kupima mwenyewe badala ya kuendelea kuwapigia simu wanaopima. Ile sentensi nzuri haikurudi.

Kuhusu vitu vingine vya maombi nitasema kwa kifupi, maana najua wapo wanaosoma ili wajaribu. Barua za mapendekezo ndizo zinazochelewesha watu. Mhadhiri amefundisha mamia, hakukumbuki kwa jina. Mpelekee nakala ya matokeo yako, kichwa cha mradi wako wa mwaka wa mwisho, na tarehe ya mwisho, wiki sita kabla. Mmoja wa wangu alijibu baada ya ujumbe wa tatu, tena saa saba usiku, lakini aliandika barua ambayo mama yangu mzazi asingeweza kuniandikia. Na GPA ndogo usiifiche. Yangu ilishuka muhula mmoja wa mwaka wa pili, nilipokuwa nauza vocha na chipsi kujazia mkopo. Nilieleza kwa mistari miwili bila kulia, nikaonyesha matokeo ya mwaka wa tatu yalivyopanda.

Usaili ulifanyika kwa njia ya mtandao. Nilijifungia kwenye stoo ya kamera hapo ofisini, feni imezimwa isipige kelele, jasho linanitoka. Nilikuwa nimejiandaa kuzungumzia baba mdogo. Nilikuwa hata nimefanya mazoezi ya kutolia.

Hakuna aliyeniuliza habari zake.

Waliniuliza kwa nini virusi kama vya Bonde la Ufa, ambavyo vinasaba vyake ni RNA, vinahitaji hatua moja ya ziada katika kipimo cha PCR. Nikajibu kwamba lazima RNA igeuzwe kwanza kuwa DNA, ndipo izalishwe. Wakaniuliza: umeletewa damu ya mgonjwa wa siku ya pili, na ya mwingine aliyeanza kuumwa mwezi mmoja uliopita, utatafuta nini kwa kila mmoja? Nikasema kwa wa kwanza nitatafuta virusi wenyewe. Kwa wa pili virusi watakuwa wamekwishaondoka, hivyo nitatafuta kingamwili, zile askari ambazo mwili unaziacha baada ya vita. Wakaniuliza takwimu, hapo nikakwama, nikasema nimekwama. Mwisho wakauliza nitaachaje kazi. Nikawaambia ukweli kwamba sijui, lakini nitaiacha.

Barua ya kukubaliwa ilikuja nikiwa kwenye daladala. Siwezi kukuambia kama ile aya ilisaidia au la. Pengine walinichukua kwa majibu ya PCR. Pengine ni ile barua ya saa saba usiku. Wanaokuambia wanajua hasa kwa nini walichaguliwa, nadhani wanajifurahisha.

Mhariri wangu amenipa likizo ya mwaka mmoja bila malipo, mwaka wa pili tutaongea. Fedha niliyopata inalipa ada na sehemu ya utafiti. Chakula na chumba ni juu yangu. Kwa miaka minne asilimia 15 ya mshahara wangu imekatwa kulipa mkopo wa shahada ya kwanza, na deni bado lipo. Mdogo wangu yuko kidato cha sita. Ada ya shule za serikali imefutwa, lakini nauli, sabuni na madaftari havijafutwa, na aliyekuwa anavituma ni mimi. Shangazi yangu ameongeza hoja yake, kwamba miaka 28 si umri wa mwanamke kurudi darasani, ni umri wa kuitwa mama fulani. Nimemwambia shikamoo.

Baba alituma pesa. Si nyingi, ni ya magunia mawili kwa bei mbaya ya msimu huu. Hakuandika ya nini. Kwa mama mdogo hajaenda, na sijamuuliza kama atakwenda.

Mimi nimekwenda. Nilimpelekea barua ya chuo, nikamsomea kwa Kiswahili, akaishika akaitazama muhuri kwa muda mrefu kuliko maneno. Ndugu yangu, mwanawe yule mkubwa, alikuwepo, amekuja na mke wake kusaidia kuvuna. Ndiye aliyeuliza swali ambalo mama yake hakuwa amelifikiria, kama kaburi linaweza kupimwa. Nikasema hapana, si kwa hili, si baada ya miaka hii yote.

"Na mimi?" mama mdogo akauliza. "Mimi niliyeosha utumbo, nikapata homa?"

Nikakumbuka swali la usaili. Nikamweleza kwamba kingamwili za ugonjwa ule zinaweza kukaa mwilini miaka mingi, na kwamba damu yake inaweza kuonyesha kama aliwahi kuupata. Nikawahi kuongeza kwamba zikikutwa hazitasema aliupata lini. Zitakuwa zimesema habari zake yeye, hazitakuwa zimesema mumewe alikufa kwa nini. Na zisipokutwa, pia haitakuwa mwisho wa maneno.

Aliweka kisu chini, akakunja mkono wa gauni.

"Basi toa."

Nikamwambia siwezi kumtoa mtu damu kwa kuwa ni mama yangu mdogo na ninataka kujua. Utafiti wowote kwa binadamu unaombewa kibali cha maadili, unaandikiwa mpango, unapitiwa na watu wasionijua wala kumjua yeye. Inaweza kuchukua mwaka. Aliuliza kama kibali hicho nacho kina fomu. Nikasema kinayo, ndefu kuliko ile ya kwanza. Akashusha mkono wa gauni, akarudi kwenye vitunguu, akasema nitakapokuwa naijaza nisisahau kuandika kwamba yeye amekubali, na nianze na yeye.